Seli za panya na kitambi cha Waya

Sokoni Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili hapapitiki. Tulisukumana hadi penye mapera, ndipo Waya, yaani shangazi yangu, akafungua mkoba na kunionyesha kichupa cheupe chenye picha ya tunda la kijani lenye mikunjo kama boga dogo. Vidonge vya garcinia, vya kupunguza unene. Amekinunua shilingi 2,500.

"Yule kijana aliyeniuzia amesema vinayeyusha mafuta ndani ya seli," akaninong'oneza, kana kwamba mafuta yenyewe yangesikia yakatoroka.

Kinachoniudhi ni kwamba kijana hakutunga yote. Kuna seli za panya ziitwazo 3T3-L1 ambazo maabara zimezifuga miaka mingi. Zikichochewa, hugeuka seli za mafuta. Zimwagie kemikali kama resveratroli ya maganda ya zabibu, au naringenini ya balungi, na mara nyingi hushindwa kujaa mafuta. Sawa. Lakini seli ya kwenye kisahani haina utumbo wala ini, imeogeshwa dawa yenyewe. Ukiimeza wewe resveratroli hiyo, utumbo na ini huigeuza upesi, na inayofika kwenye damu ikiwa bado nzima ni kidogo mno. Hapo katikati, kati ya kisahani na kitambi, ndipo wauzaji wanapopatia riziki.

Garcinia nayo ina hadithi nzuri. Asidi iliyo kwenye ganda lake huzuia kimeng'enya kinachosaidia mwili kugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Ukisikia hivyo, hata mimi ningetoa pesa. Basi mwaka 1998 matokeo ya jaribio la Marekani yakachapishwa: watu 135 wanene, wiki 12, chakula cha aina moja kwa wote. Waliomeza garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2. Waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa yoyote, walipungua kilo 4.1. Tofauti hiyo ni ndogo, huenda ni bahati tu, ila haiwezi kumpa mtu sababu ya kulipa.

Waya alicheka hadi muuza mapera akageuka. "Basi nitafutie hivyo vitupu!"

Sikucheka sana, maana vidonge vya garcinia vimehusishwa na watu kuumia ini, na Waya tayari anameza dawa za presha. Aliponiuliza kama basi anywe maji ya balungi kila asubuhi, nilimshika mkono: balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunjavunja dawa, na baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli hupanda kupita kiasi kwenye damu. Amuulize kwanza daktari wake.

Alinunua mapera ya shilingi 100, akala moja palepale, mbegu na yote. Tukarudi kumtafuta kijana aturudishie pesa zetu. Pale alipokuwa palikuwa na mama mmoja akipanga mitumba ya watoto.