Bei ya Kiwanja Kisicho na Hati

Kuna gari la matangazo linalopita mtaani kwetu likihubiri kwamba ardhi haishuki thamani na kwamba viwanja vya Chanika na Mapinga, pembezoni mwa Dar es Salaam, vinakaribia kwisha. Vimekuwa vikikaribia kwisha tangu mwaka jana. Kinachoniudhi ni kwamba faida inatangazwa kwa kipaza sauti, ilhali hatari anaachiwa mnunuzi aigundue mwenyewe siku atakayopeleka matofali.

Kiwanja kisichopimwa kikiuzwa nusu ya bei ya kile cha jirani chenye hati, mnunuzi hajafanyiwa hisani. Amelipwa mapema ili abebe wasiwasi wa muuzaji. Chenye hati unakiombea upekuzi kwa Msajili wa Hati, ukajua mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani benki. Kisichopimwa hakina daftari la kupekua. Unapewa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, saini za mashahidi, na neno la jirani kwamba mpaka unaishia kwenye mwembe. Muhuri huo unathibitisha kwamba fedha zilikabidhiwa mbele ya mwenyekiti. Hauthibitishi kwamba aliyezipokea alikuwa na haki ya kuuza, wala kwamba hakumuuzia mwingine mwezi uliotangulia kwa karatasi ya aina hiyo hiyo.

Binamu yangu alionyeshwa karatasi moja ya namna hiyo huko Bunju, tarehe yake imefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya, huku dalali akimhimiza atoe chochote cha kushikia kiwanja jioni ile ile kwa sababu kuna mteja mwingine yuko njiani. Mteja huyo yuko njiani siku zote. Nadhani amekwama kwenye foleni ya Mwenge.

Hata pasipo mgogoro wa umiliki, serikali nayo ina mipaka yake. Nyumba nyingi zilizobomolewa mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, upande wa Kimara, zilikuwa na umeme na maji, na ankara zilikuwa zikilipwa. Hayo hayakuzitoa ndani ya hifadhi ya barabara, ule ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba walionunua Goba na Madale zikiwa bado mashamba wamewapita mbali waliosubiri hati. Hao ndio tunaowasikia wakisimulia harusini. Waliodhulumiwa wako kwenye mabaraza ya ardhi, wakiahirishiwa kesi.

Na faida yenyewe ihesabiwe kwa uaminifu. Aliyenunua kwa shilingi milioni 5 akauza kwa milioni 10 baada ya miaka minane amepata wastani wa asilimia 9 hivi kwa mwaka, kabla ya kutoa kodi, fedha ya dalali na ya kufyekea majani. Mwaka 2021 hati fungani ya serikali ya miaka 25, yaani mkopo ambao mwananchi anaipa serikali, ilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95, na haihitaji mlinzi. Anayetafuta mahali pa kujenga aishi na wanawe simdai hesabu hii. Anayejiita mwekezaji ndiye ninayemdai.