Kikombe cha Papa Sentineli

Video ya mimi, fundi wa mitikisiko ya mashine, nikifundishwa kazi na mlinzi wa kiwanda mmeshaiona, najua. Yule niliyekuwa namwita ndugu mpaka juzi ameirusha kwenye makundi yote ya Kenya (enyi wa mbali, Kenya ni komini, yaani manispaa, ya hapa Lubumbashi, Kongo, msinitafute Nairobi). Ila amekata mwanzo. Ngoja niseme yote, nife mara moja.

Feni ya kiwanda cha unga, mota ya kilowati 45, inatikisika mpaka vioo vya ofisi vinalia. Nikaja na kompyuta, sensa ya sumaku (kipimo cha mtikisiko) na kofia mpya. Nikabandika sensa kwenye rulema (ninyi wa Dar mnaita beringi): kasi ya mtikisiko, milimita 11 kwa sekunde. Mashine ya ukubwa huo iliyofungwa kwenye zege, kanuni ya kimataifa ya mtikisiko, ISO 20816-3 (zamani 10816-3), haitaki ipite 4.5. Mota inazunguka mara 1,480 kwa dakika, na mtikisiko wote ulikuwa mmoja kwa kila mzunguko. Nikamgeukia patroni, bosi wa kiwanda, kama daktari: "Mapanga ya feni hayana uwiano wa uzito."

Papa sentineli, yule mzee mlinzi, kikombe cha chai mkononi, akasema polepole: "Mwana, buloni umeangalia?" (Buloni, ndiyo bolti.)

Nikacheka. Tena nikamfundisha mzee wa watu habari za mawimbi.

Masaa matatu. Nafunga chuma cha gramu 40 kwenye panga ili uzito ulingane, namba inapanda 13. Nazihamishia ng'ambo, 12. Jasho linaingia machoni, patroni anaangalia saa, na kompyuta inanipa majibu ambayo hata yenyewe haiyaamini.

Hapo ndipo Papa akachuchumaa. Akaweka kikombe kwenye pembe ya kwanza ya chasi, fremu inayobeba mashine. Chai ikatetemeka kidogo tu. "Hapa inalala." Pembe ya pili. "Hapa inalala." Ya tatu, vilevile. Nataka kumwambia aondoke, mdomo haufunguki, kwa sababu nimeshaelewa anakoelekea. Pembe ya nne: chai ikaruka, ikamwagika, ikalowesha kiatu changu. Papa akasogeza kikombe vidole viwili, kikakaa kwenye zege. Kimya. Akakirudisha kwenye chasi. Ikaruka tena.

"Hapa," akasema, "inacheza."

Kando ya nati ya buloni ya pembe hiyo, iliyolegea, kulikuwa na poda nyekundu ya kutu. Poda hiyohiyo mimi huwa nawaambia vijana waitafute KWANZA, kabla ya kufungua kompyuta. Msinikumbushe, nyie mliokuwa darasani.

Tukazima, nikatoa vyuma vyangu, nikakaza buloni kwa spana ya 24, tukawasha: 2.1. Papa nikamnunulia bia mbili za Simba, akanywa huku anamsimulia dereva.

Kwenye ripoti niliandika "marekebisho ya ugumu wa msingi". Patroni akachora mstari juu yake, akaandika kwa bic: "Papa amekaza buloni."

Hata spana niliishika mimi! Na wewe uliyerekodi, sumaku yangu uliyoazima irudishe.