Msiguse skrubu ya regulata ya mafuta kama hamna geji

Juzi Jumapili nimesimama gereji kwenye benchi naangalia pistoni namba 4 ya dogo mmoja wa mtaani kwetu, imemeguka pale kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande kizima kimeondoka kama kitumbua kilichong'atwa, na silinda imechorwa mistari mpaka chini. Gari ni Forester ya turbo, injini EJ20, miaka miwili anaihangaikia, akipata hela kidogo anaweka egzosi, akipata nyingine anaweka intakula kubwa, busti, yaani presha ya hewa ya turbo, ameipandisha mpaka psi 15. Pistoni kaishika mkononi haiachii. Ananiuliza, "Braza, hivi kweli petroli mbaya inaweza kufanya hivi?" maana ndivyo fundi alivyomwambia, kwamba sheli ile kuna maji.

Nikafungua boneti. Kuna regulata ya kurekebisha kwa skrubu imefungwa, ile inayoshika presha ya petroli kwenye reli (bomba linalolisha nozeli), ya kununua Ilala pale, haina hata miezi miwili. Geji yake sindano imelala kwenye sifuri, haipandi hata ukiwasha pampu. Na ule mpira wa vakyumu unaotoka menifodi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) kwenda kwenye regulata haupo kabisa, upande wa menifodi kumechomekwa boliti na klampu juu. Nilikaa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kumtolea dogo hasira ambayo siyo yake.

Jamani tuongee hili jambo vizuri kwa sababu siyo gari la kwanza na mwaka huu mimi mwenyewe nimeona matatu.

Huyo mpira siyo pambo. Nozeli haijui geji inasoma ngapi, nozeli inachojua ni tofauti ya presha iliyopo kati ya reli upande mmoja na menifodi upande wa pili, maana huko menifodi ndiko inakomwagia mafuta. Kontroboksi, kompyuta ya injini, imepangwa ikiamini hiyo tofauti haibadiliki, kwenye hizi EJ ni kama psi 43, na mahesabu yote ya nozeli ifunguke milisekunde ngapi yamesimama juu ya hiyo 43. Sasa turbo ikianza kusukuma psi 15 ndani ya menifodi, huo upepo unapingana na mafuta yanayotoka, kwa hiyo regulata lazima ipandishe reli mpaka 58 ili tofauti ibaki ileile. Inajuaje? Kwa ule mpira. Ukiuchomoa ukaziba na boliti, reli inabaki 43, menifodi iko 15, nozeli inapata 28. Basi. Mafuta yanapungua karibu asilimia 20, na yanapungua wakati uleule umekanyaga mpaka mwisho na injini ndiyo inayahitaji kuliko wakati wowote. Gari kwenye sailensi, bila kukanyaga, inanguruma vizuri, mjini inaenda vizuri, foleni ya Mwenge inavumilia, ukifika barabara ya Bagamoyo usiku ukaifungua gia ya tatu na ya nne, inaanza kugonga ndani, mafuta machache yanalipuka ovyo, na kwa mlio wa lile egzosi huwezi kusikia, unakuja kusikia pale ambapo pistoni imeshaondoka.

Kwa nini uliziba? Nimemuuliza fundi, kwa heshima tu, akasema mpira ulikuwa "unashusha presha" kwenye sailensi na yeye alitaka ipande. Ni kweli unashusha! Ndiyo kazi yake! Kwenye sailensi menifodi inavuta, kwa hiyo reli inashuka mpaka 34 au 35 hivi, na tofauti inabaki 43 ileile. Akaona namba ndogo (wakati geji bado ilikuwa nzima) akadhani ni ugonjwa. Akaziba, gari ikaanza kutoa moshi mweusi kwenye sailensi kwa sababu sasa mafuta yamezidi, akarudi na bisibisi akapunguza skrubu mpaka moshi ukakata. Kwa hiyo presha ya msingi nayo ikashuka, sijui mpaka ngapi, hata hiyo 28 niliyosema pengine dogo hakuwa nayo. Na yote haya kwa sikio, anapiga resi, anasikiliza, anageuza robo, anapiga resi, "sasa imefunguka."

Hakuna sikio la binadamu linalosikia psi 5. Haliwezi. Mimi nina miaka kumi na kitu kwenye haya magari na siwezi, na fundi bora kuliko wote niliowahi kukaa naye, mzee mmoja wa Tanga ambaye sasa hivi amestaafu, alikuwa hafungui hata boliti moja ya mfumo wa mafuta kabla hajafunga geji yake kwenye reli. Ile geji alikuwa anaitunza kwenye kitambaa ndani ya boksi la biskuti. Tukimwambia mzee sisi tuna haraka anasema subirini, acha kwanza gari iseme.

Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho kiliniokolea injini. Mark II yangu ya 1JZ ya turbo ilikuwa inakosa nguvu juu ya resi elfu tano, nimebadilisha plagi, nimesafisha nozeli, nimenunua koili, hela inaisha na gari ileile. Yule mzee akafunga geji na mpira mrefu, akaitoa nje kupitia pembeni ya boneti akaibandika kwa selotepu kwenye kioo cha mbele, kwa nje, kwa sababu geji yenye petroli haiingii ndani ya gari hata siku moja. Tukatoka. Gia ya tatu nimekanyaga, sindano inapanda na busti vizuri, halafu ikagoma, halafu ikaanza kushuka wakati turbo bado inasukuma. Nikaachia mguu palepale. Kurudi, tukapima umeme kwenye pampu, volti 10 na kidogo, waya ule mwembamba wa kiwandani umechoka na terminali imeungua. Tukavuta waya mpya mnene na relei, kwisha. Ningekuwa nimeenda kwa mtu wa bisibisi angepandisha skrubu, na skrubu isingesaidia kitu, kwa sababu pampu ikizidiwa regulata haina cha kuzuia.

Na hapo ndipo wengi wanapopotea, wanaona skrubu ni kama sauti ya redio, ongeza upate zaidi. Mafuta hayaendi hivyo, yanafuata kipeuo cha pili cha presha. Ukitoa 43 ukaweka 58, yaani umeongeza zaidi ya theluthi, unapata mafuta zaidi kwa asilimia 16 tu. Ukitaka mara mbili unatakiwa presha mara nne, na hakuna pampu ya kwenye tanki itakayokupa hiyo. Halafu kadiri presha inavyopanda ndivyo pampu inavyotoa lita chache, ile pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa ambayo kila mtu anajisifia haitoi 255 ukifika huko juu. Kwa hiyo umebana pampu, umeipasha moto, na ulichopata ni kidogo.

Na ukiendesha taratibu hata hicho kidogo hukioni, kwa sababu kontroboksi inasoma oksijeni sensa, inaona mafuta yamezidi, inayakata. Ikizoea kukata, kuna magari, Subaru zikiwemo, yanabeba hayo mazoea mpaka kwenye mwendo wa kukanyaga mwisho. Unaongeza kwa bisibisi, yenyewe inapunguza, wewe unaongeza tena.

Sawa, nakubali, kuna wakati kupandisha presha ni halali. Nozeli zimefika mwisho, zimebaki wazi karibu muda wote, na hela ya nozeli kubwa haijapatikana, unaweza kutoka 43 ukaenda 50 ukapata kama asilimia 8, lakini unarudi kwenye kontroboksi unapanga upya ukiwa na waidibendi (sensa ya kupima uwiano wa hewa na mafuta) kwenye egzosi, unaangalia kwenye busti ukae karibu na hewa 11 na nusu kwa petroli moja, siyo kwa kunusa moshi. Na zamani, kabla watu hawajaweza kuzifungua kontroboksi, waliweka turbo kwenye magari yasiyo na turbo wakatumia regulata zinazopandisha presha kuzidi busti, wengine walifika mbali. Walikuwa hawana njia nyingine. Sisi tunayo.

Kuweka 43 yenyewe siyo kazi ya nusu siku. Injini ipate moto, geji nzima kwenye reli, chomoa mpira wa vakyumu, ziba ule upande wa menifodi na uache regulata ipumue hewa ya nje, geuza skrubu mpaka 43, kaza nati ya kufungia, rudisha mpira, angalia ishuke mpaka thelathini na kitu. Halafu barabarani, psi moja ya busti lazima ilete psi moja ya mafuta. Isipoleta, toa mguu, kuna filta, au pampu, au umeme. Na kabla hujafungua mpira wowote wa petroli toa fyuzi ya pampu gari ijizimie yenyewe, presha inabaki ndani na turbo iko pale pembeni ina moto.

Mpira wa petroli wenyewe tafadhali uwe wa injekshen, siyo ule wa kabureta wa kukata kwa mita. Hili silirembi, huo unapasuka, na gari linaungua na mtu ndani.

Wenye IST na Spacio new model mnaouliza, regulata yenu iko ndani ya tanki na hakuna mpira wa kurudisha mafuta, acheni. Wenye D-4, zile zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, acheni zaidi, ile inasukuma zaidi ya psi 1,000.

Sitaki fundi abebe lawama peke yake. Wateja tunalipia rimu, tunalipia stika, fundi akisema anahitaji nusu siku ya kupima tunasema anatuchelewesha, na waidibendi haifikii hata bei ya rimu nne. Lakini ukiziba mpira kwa boliti ukachukua hela ya mtu, halafu ukamwambia ni petroli ya sheli, hapo nimekosa neno la kukutetea.

Dogo amepata bloku, ya kutoka kwenye gari iliyogongwa. Nimemwambia asiiwashe. Jumamosi naenda na geji yangu na mpira wa vakyumu wa mita moja, na ile regulata tunaitoa, tunarudisha ya kiwandani, ambayo namshukuru Mungu alikuwa hajaitupa.