Prosesa au kadi? Kasi ya kubana vidio za harusi Unguja

Mfunguo mosi ukiingia, mpiga vidio wa Unguja hana mapumziko. Ijumaa nikaha msikitini, Jumamosi biharusi anaingia ukumbini, na Jumatatu asubuhi mama mtu ameshapiga simu: "Mwanangu, vidio yetu vipi? Jamaa zetu wa Muscat wananisumbua." Kuhariri kulikwisha tangu jana usiku. Kilichobaki ni kompyuta kuibana sherehe nzima iwe faili moja la kutia kwenye flashi, na tangu alfajiri imefika asilimia 38.

Hapo ndipo linapozuka suala tunalobishana kila tukikutana, sisi tunaoifanya kazi hii vyumbani mwetu: ukipata pesa kidogo, ununue prosesa kubwa zaidi, au utie kadi ya michoro yenye sehemu yake maalumu ya kubania vidio? Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa prosesa. Sasa nimehama, ila sikuhama na vyombo vyote.

Tuanze na hesabu. Sherehe ya saa 2 iliyopigwa kwa fremu 25 kwa sekunde ina fremu 180,000. Prosesa ya zamani inayobana fremu 10 kwa sekunde kwa H.265, mtindo wa kubana unaofanya faili kuwa dogo, itamaliza baada ya saa 5. Kifaa kinachobana fremu 100 kwa sekunde kinamaliza kwa nusu saa. Penye umeme usiotikisika, tofauti hiyo ni ya kusubiri tu. Kwetu ni zaidi ya hapo. Walioishi Unguja mwaka 2008 wanakumbuka karibu mwezi mzima wa giza, kisha karibu miezi 3 mingine kuanzia Desemba 2009, umeme wa Bara ulipokuwa haufiki. Waya wa baharini wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliozinduliwa 2013, ulitutoa kwenye hali ile. Lakini kukatika kwa dakika kumi bado tunakujua, na dakika kumi zinatosha kuharibu kazi ya usiku kucha. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa mwishoni ile orodha inayoonyesha kila fremu iko wapi. Umeme ukienda kazi ikiwa asilimia 90, unabaki na gigabaiti kadhaa zisizofunguka popote. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inakupa dakika chache za kuzima kwa salama, haikupi saa. Kadiri kazi inavyokaa mashineni muda mfupi, ndivyo hatari inavyopungua, na hiyo ndiyo hoja iliyonihamisha.

Wanaotetea kadi wana hoja ya pili pia, joto. Intel iliingiza Quick Sync ndani ya prosesa zake mwaka 2011, na NVIDIA ikaleta NVENC mwaka uliofuata. Zote mbili ni saketi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja, kwa hiyo hazihitaji kuikimbiza prosesa nzima. Katika joto la kaskazi, chumba cha bati kisicho na kiyoyozi, laptopu inayobana kwa prosesa huanza kwa kasi nzuri, halafu baada ya muda feni zinapiga kelele na prosesa inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Namba ulizosoma kwenye majaribio ya watu wengine hutaziona tena.

Basi kwa nini sikuhama na vyombo vyote? Kwa sababu ya moshi wa udi.

Chukua ile picha kila familia inayoitaka: biharusi amekaa, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, chetezo kimepitishwa mbele yake, taa za ukumbi ni hafifu, nguo imejaa vidoto vinavyometa. Hakuna kitu kigumu kubana kuliko hicho. Moshi hauna ukingo na kila fremu unabadilika. Programu kama x264 au x265 ikifanya kazi kwenye prosesa kwa mwendo wa taratibu, hutafuta njia nyingi za kuieleza fremu moja kabla ya kuchagua iliyo nafuu. Saketi ya kadi hutafuta njia chache na kuendelea. Ukiipa nafasi kubwa, hutaona tofauti. Ukiibana sana, moshi unageuka vipande vya mraba, na zile nakshi nyembamba za hina zinayeyuka kuwa doa la kahawia.

Na mara nyingi tunalazimika kubana sana. Televisheni nyingi za majumbani zinasoma flashi ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambayo haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Saa 2 kwa megabiti 8 kwa sekunde ni gigabaiti 7.2, haliingii. Kwa megabiti 4 ni gigabaiti 3.6, linaingia, na hapo prosesa inaishinda kadi kwa macho matupu, khasa kadi za zamani. Kuanzia kizazi cha Turing cha mwaka 2018 NVIDIA wamelipunguza pengo sana, lakini kwa megabiti 4 na moshi wa udi bado naliona. Dawa moja ni kuikata sherehe sehemu tatu, nikaha, kupamba na ukumbini, kila moja faili lake. Hivyo kadi inapata nafasi ya kutosha, na umeme ukikatika umepoteza sehemu moja tu.

Kwa vidio zinazokwenda YouTube au WhatsApp, mimi sina shaka: bana kwa kadi. Huko wataibana upya hata uwapelekee nini, na usiku mzima wa prosesa utapotea bure. Anayebisha hapa ana hoja moja tu nzito, bando. Faili kubwa zaidi linakula data zaidi kulipandisha, na gharama hiyo unailipa wewe.

Sasa sokoni, ambako pesa nyingi zinapotea. Kompyuta nyingi tunazonunua Darajani ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo. Kabla ya kutafuta kadi, tazama prosesa uliyonayo. Kama ni Intel yenye michoro ndani yake, Quick Sync kwa kawaida tayari unayo, na huenda ulikuwa hujaiwasha tu. Kuanzia kizazi cha 7 inabana H.265 ya biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi. Lakini prosesa ya Intel ambayo jina lake linamalizikia na herufi F haina michoro ndani, kwa hiyo haina Quick Sync. Rafiki yangu aliuziwa moja akiambiwa ni sawa na nyengine, bei tu ndiyo nafuu.

Upande wa kadi, usidanganyike na jina la NVIDIA peke yake. GT 1030 haina NVENC kabisa. Ya AMD, RX 6400 na RX 6500 XT, hazibani vidio kwa saketi yake. GTX 1650 ya mwanzo, ya NVIDIA, inabana, lakini kwa saketi ya kizazi cha nyuma. 1650 Super ndiyo iliyopewa ile ya Turing, ila inataka waya wa umeme wa ziada ambao kompyuta nyingi ndogo za ofisini hazina. Kadi za Intel Arc zilizotoka 2022 zinabana hata AV1, mtindo mpya kuliko H.265, lakini si kila televisheni ya sebuleni inaifungua.

Mwenye kamera inayorekodi H.265 ya 4:2:2 biti 10, yaani inayohifadhi rangi kwa undani zaidi, ana tatizo jengine, la kuifungua vidio kabla hata ya kuibana. Kadi za NVIDIA kabla ya RTX 50 za mwaka 2025 hazimsaidii; Intel yenye michoro ya kizazi cha 11 na kuendelea inamsaidia. SSD nayo ni nzuri kwa kuhariri, ila haiharakishi kubana: vidio ya megabiti 50 inasomwa kwa takriban megabaiti 6 kwa sekunde, na diski ya kawaida inaiweza.

Prosesa nimeiachia kanda za zamani. Watu wanaleta VHS za harusi za wazazi wao, nyengine zina kuvu kwa unyevunyevu, na mkanda ukishapita mara moja huenda usipite tena. Hizo nazibana kwa x264, taratibu, katika faili la aina ya MKV badala ya MP4, maana umeme ukikatika kile kilichokwisha andikwa aghlabu kinafunguka. Baadaye naihamishia kwenye MP4 kwa programu ya FFmpeg bila kuibana tena, kazi ya dakika moja au mbili.

Ukienda dukani, chukua flashi yenye dakika 5 za vidio yako mwenyewe, zile za moshi wa udi. Mwombe muuzaji aiwashe kompyuta, afungue HandBrake, programu ya kubania vidio, na mtazame pamoja kama Quick Sync au NVENC imo kwenye orodha ya njia za kubana. Kama haimo, usiliamini boksi, hata kama limeandikwa vipi.