Robo ya sukari

Mama mkubwa wangu anaishi Pangani, peke yake tangu alipofiwa na mumewe. Watoto wake pamoja na sisi wa mdogo wake tumetawanyika Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka juzi tulifanya jambo tuliloliona la maana sana. Tulichanga, tukaelewana na mwenye duka la jumla, na kila tarehe mosi bodaboda ikawa inamshushia mlangoni mchele, unga, sukari, mafuta, sabuni, hadi mkaa. Magoti yanamsumbua, jua ni kali, tukasema mzee apumzike.

Nilipokwenda kumwona baada ya miezi minne nilimkuta amepungua. Mwili ulikuwa uleule, kilichopungua ni maneno. Zamani ukifika, hujamaliza kuvua viatu ameshakueleza nani kaoa, nani kagombana na shemeji yake, ngalawa ya nani imerudi tupu. Safari hii aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha mkekani, tukakaa tunasikiliza redio. Nilipoingia jikoni kuchemsha chai nikaona mfuko wa sukari wa kilo tano haujafunguliwa. Nyuma ya ndoo, kama kitu kilichofichwa, kulikuwa na kifuko cha nailoni chenye robo ya sukari, ile ya kupimiwa dukani.

"Mama mkubwa, mbona unanunua na hii ipo?"

Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Nikiwa na ya mwezi mzima, mwanangu, nitatoka kwenda wapi?"

Kumbe alikuwa akienda kwa kuvizia, mara moja moja. Kijana wa duka la mtaani alikuwa ameshamuuliza mbele za watu, bibi, wanao wanakuletea kila kitu, huku unafuata nini tena? Akaona haya. Akawa hatoki.

Kesho yake asubuhi nikamwomba tuende wote. Kutoka mlangoni kwake hadi dukani si mbali, mimi peke yangu ningekwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Tulitumia karibu saa nzima. Watoto watatu wa chuo cha Kurani walisimama kumwamkia, akamuuliza mmoja kama mama yake ameshajifungua. Mwanamke anayechoma vitumbua alimlaumu kwa kupotea, akamfungia viwili kwenye karatasi na kukataa hela. Fundi baiskeli akampa habari ya msiba wa upande wa pili wa mto, ambao yeye hakuwa ameusikia, na marehemu walicheza naye utotoni. Hilo lilimuuma, na lilinichoma na mimi. Kwenye benchi la duka akapumzisha magoti huku akibishana na mzee mwenzake juu ya bei ya nazi. Tuliporudi alikuwa anaongea tena.

Sisi watoto tulimpunguzia safari tukidhani tunampunguzia mzigo. Safari hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa watu.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria misaada mingine tunayoituma. Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, hela ya mzee ilikwenda na mtu. Ukimkuta jirani anasafiri, unampa bahasha. Akifika lazima apelekwe ndani, anywe chai, aulizwe habari za kila mmoja wetu, na mzee apate la kusimulia wiki nzima. Sasa hela inaingia kwenye simu usiku, mzee anaamka ameshapokea, na hakuna aliyebisha hodi. Sisemi turudi kwenye bahasha, maana nyingi zilipotea njiani. Nasema tu kwamba bahasha ilikuwa na kitu cha pili ndani yake, na hicho hatukukitafutia njia nyingine ya kukituma.

Tunapenda kusema upweke ni shida ya Wazungu. Kweli, Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata mwaka 2021. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka Juni 2025 inaonyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini karibu watu 24 kati ya 100 wanasema ni wapweke, na katika nchi tajiri ni kama 11. Kuwa na ukoo mkubwa hakusaidii kitu kama ukoo wote uko mjini.

Zanzibar ilipoanza kulipa pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, wazee walikwenda kupokea fedha taslimu kwenye vituo vya malipo. Wanaopanga malipo ya wazee, huko na kwingineko, wataona mstari ule kama usumbufu wa kuondolewa. Mimi naomba waweke viti, kivuli na maji, na mgonjwa afuatwe nyumbani, lakini siku yenyewe ibaki. Kwa mtu wa miaka 78, siku ya kukutana na wenzake aliosoma nao chuo si usumbufu.

Na wazee hawahitaji kuhudumiwa tu. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Hapo bibi ndiye anayetegemewa, na mtu anayetegemewa ana sababu ya kuamka na kuvaa kanga safi.

Sisi tulivunja mpango wetu wa bodaboda. Mchele na mkaa bado vinapelekwa, maana vizito. Sukari, majani, chumvi na sabuni anafuata mwenyewe. Hela tunamtumia mpwa wetu wa Tanga, anaipeleka mkononi Jumamosi na kulala hukohuko. Magoti bado yanauma, tumemnunulia mkongojo mzuri.

Wiki iliyopita nilimpigia saa tatu asubuhi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia.

"Baadaye, mwanangu," akasema, "kuna watu wananisubiri." Akakata.