Wacheni kumuaibisha mtu eti laptopu yake imejaa matangazo

Anti yangu anakaa Mamboleo, hapa Kisumu, na kama umewahi kuzika mtu upande huo kuna uwezekano programu ya mazishi uliyoshika mkononi aliichapa yeye. Hiyo ndio kazi yake, laptopu moja ya mtumba kutoka Uingereza, printa ndogo na meza ya plastiki pale sebuleni. Familia inakuja na picha za marehemu kwa simu, anakaa nao, wanachagua, anaandika wasifu, alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi, alafu faili inapelekwa mjini kwa wenye mashine kubwa, nakala mia mbili ama mia tatu kulingana na uwezo. Ni kazi ya heshima sana na anaifanya kwa heshima, hata sauti yake hubadilika akiwa na wafiwa.

Sasa Jumapili moja jioni akanipigia anaongea chini chini. "Baba, uko peke yako?" Nikashtuka, nikajua kuna mtu amelazwa. Kumbe ni laptopu.

Ilianza hivi. Wenye kuchapa walimwambia wanataka faili ya PDF, ya Word hawaitaki manake ikifika kwa mashine yao picha zinahama na maandishi yanashuka. Yeye hakuwa anajua Word yenyewe inaweza kuihifadhi kama PDF. Akaingia Google kutafuta cha kubadilisha, na kile cha kwanza kabisa kilichotokea kilikuwa tangazo la kulipiwa, akafungua, akaona batani kubwa ya kijani ya kupakua, akabonyeza, ikaingia, ikamuuliza maswali matatu manne kwa Kiingereza kirefu na visanduku vyote vimeshawekwa tiki tayari, akaendelea mbele mpaka mwisho. PDF akapata. Kazi ikaenda, akalipwa.

Siku mbili baadaye alikuwa amekaa na familia nyingine, mjane, kijana wake mkubwa na mzee mmoja wa ukoo. Wameshakubaliana picha ya kuweka mbele ya programu ni ile marehemu amevaa suti ya kijivu kwa harusi ya binti yake, na anti anaikata pembeni polepole ili bega la mtu aliyesimama karibu naye litoke, wote wameinama wanaangalia. Hapo pembe ya chini upande wa kulia pakatokea kisanduku. Mwanamke nusu uchi, na maneno ati kuna wanawake karibu nawe wanakungoja. Akakifunga. Kikarudi. Akakifunga tena, na hapo brauza ikafunguka yenyewe ikajaza skrini yote, ukurasa wa kubeti, ukafunika uso wa marehemu. Mjane akaangalia chini. Mzee akasema, "Mama, tutarudi kesho," na hawakurudi.

Aliniambia hivo, hawakurudi, alafu akanyamaza kwa muda.

Wiki tatu alikuwa amekaa na hiyo kitu peke yake. Hakumwambia mumewe, hakuwaambia wenzake wa chama. Aliyejua ni fundi mmoja tu mjini, na huyo ndiye aliyemalizia kabisa, manake alimuuliza mbele ya vijana wengine waliokuwa wakingoja simu zao, "Kwani mathe umekuwa ukifungua tovuti gani?" Mama wa miaka hamsini na nane, karani wa kanisa, anaulizwa hivo mbele za watu. Akalipa 1,500, laptopu ikaformatiwa bila kuulizwa kama kuna kitu cha kuhifadhi, na folda yake ya miaka sita ikaenda, wasifu wote, picha zote ambazo familia zingine hazina tena popote. Kesho yake matangazo yakarudi.

Hilo swali la fundi ndilo limenifanya niandike. Nimelisikia mara nyingi, Kondele, Nyalenda, hata kwa ofisi za watu waliosoma. Laptopu ya mtu ikianza kurusha picha za ajabu, cha kwanza ni kumuangalia mwenye laptopu vibaya, na kwa sababu picha zenyewe nyingi ni za uchi ama kamari, mtu anaona afadhali anyamaze kuliko aeleze. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndio, lakini kuna watu pia wanaofanya maradhi yafichwe, na ni sisi tunaouliza maswali ya hivo.

Anti hakufungua kitu chochote kibaya. Alikuwa anatafuta PDF ya mazishi. Tangazo la wanawake halikuja kwa sababu ya tabia yake, lilikuja kwa sababu kuna mtu analipwa kila linapoonekana, na aliyeliingiza alilipwa kila lilipoingia kwa mashine mpya. Hii ni biashara yenye bei. Mwaka wa 2016 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York walichunguza hawa wanaolipwa kwa kila programu inayoingia kwa kompyuta ya mtu, wakapata malipo yanaanza senti kumi za dola hadi dola moja na nusu kwa mashine moja, kulingana na nchi, na wakati huo Google ilikuwa inaona zaidi ya majaribio milioni 60 ya kupakua vitu hivi kila wiki, karibu mara tatu ya vairasi zenyewe. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuwa wote ni wajinga ama wote wana tabia mbaya.

Na msiniambie ni watu wasiojua kompyuta peke yao. Mwisho wa 2011 tovuti kubwa ya Marekani ya kupakulia programu, Download.com, ilichukua Nmap, programu inayotumiwa na wataalamu wa usalama wa mitandao, ikaifungasha ndani ya kisakinishi chake, yaani kile kinachoweka programu kwa mashine, chenye upau wa kutafutia ambao hakuna aliyeuomba na kinachobadilisha ukurasa wako wa kwanza. Aliyeitengeneza Nmap, Gordon Lyon, ilibidi alalamike hadharani. Yaani wataalamu wenyewe waliwekewa mtego kwa njia ile ile ya batani na tiki.

Ama mtu aliyenunua laptopu mpya, kwa karatasi yake? Mwaka wa 2014 Lenovo iliuza laptopu zikiwa tayari na programu ya matangazo inayoitwa Superfish. Hiyo ilikuwa inajiweka katikati ya wewe na tovuti unayofungua, hata ya benki, ili ipachike matangazo yake, na ufunguo wa siri iliyotumia ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Februari 2015 mtafiti mmoja akaupata huo ufunguo kwa muda mfupi tu, maana yake mtu mbaya aliye kwa wifi moja na wewe angeweza kujifanya benki yako na brauza isikuonye. Kesi iliisha Septemba 2017, Lenovo ikakubali kulipa majimbo 32 ya Marekani dola milioni 3.5. Walionunua hizo laptopu walikuwa wamefungua tovuti gani?

Kinachoniuma zaidi ni neno ruhusa. Wenye hizi programu hujitetea ati ulikubali, ulibonyeza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema idhini lazima iwe wazi, ya hiari, ya jambo maalum, na mtu awe ameelewa anachokubali. Tiki iliyowekwa na mwingine kabla hujafika haina hata kimoja cha hivo. Na hizi programu hazileti picha tu, nyingi huandika kila unachotafuta na kila ukurasa unaofungua. Kwa maoni yangu kukusanya mambo ya mtu namna hiyo hakuna idhini yoyote nyuma yake, na ningependa siku moja nione mtu anapeleka kesi kama hiyo kwa Kamishna wa Data. Hata kanisani matangazo yana saa yake na mtu anasimama mbele tunamuona.

Basi Jumatatu nikapanda matatu ya Mamboleo. Nilitaka nimuonyeshe, sio nimfanyie, kwa hivo yeye ndiye alishika mausi.

Tulianza na orodha ya programu zote kwa mipangilio ya Windows, tukaipanga kwa tarehe ya kuingia. Hapo ndio mambo hufunuka haraka. Kulikuwa na vitu vinne vya siku ile ile fundi aliirudisha, vitatu hata fundi mwenyewe naamini hakuvijua. Manake alipoweka Windows na Word za wizi alitumia kile kifaa cha kufungulia leseni, na ili kifanye kazi akazima antivairasi ya Windows, na akaiacha imezimwa. Hicho kifaa ndicho kiliingia na wenzake. Na cha kusikitisha hakikuhitajika, laptopu nyingi za mtumba za miaka ya karibuni huwa na leseni ya Windows ndani ya mashine yenyewe, ukirudisha toleo lile lile inajitambua ikiona intaneti. Badala ya Word tukaweka LibreOffice, programu ya kuandikia kama hiyo, ni ya bure kihalali, na batani ya PDF iko pale juu inaonekana.

Kutoa hivo vitu ni kazi ya subira. Kimoja ukikiambia kitoke kinakuuliza kama una uhakika, alafu batani kubwa ya rangi ni ya kukiacha, ile ya kukitoa ni maandishi ya kijivu madogo chini yake. Anti akaisoma mara mbili, akasema, "Hawa ni watu wabaya." Nikamwambia ndio anti, ni watu wabaya.

Tukaingia kwa brauza. Kulikuwa na kiendelezi, yaani kijiprogramu kinachojibandika ndani ya brauza, kilichobadilisha mahali pa kutafutia, ukiandika kitu badala ya Google unapelekwa kwingine kunafanana. Kukitoa kinakataa, na chini ya menyu ya Chrome kumeandikwa kwamba brauza hii inasimamiwa na shirika lako. Shirika gani, ni meza ya sebuleni! Kama laptopu ni yako binafsi na ukaona maneno hayo, kuna kitu kimejipa cheo ambacho hukukipa. Nilikuwa nimebeba AdwCleaner, programu ya kusafisha vitu kama hivi, kwa flashi, nimeipakua kwa tovuti ya Malwarebytes wenyewe ambao ndio wenye hiyo programu tangu 2016, usiichukue kwingine manake kuna za bandia. Ikasafisha amri zilizokipa hicho kiendelezi cheo, pamoja na kazi moja iliyokuwa imejificha kwa ratiba ya Windows, ya kurudisha kila kitu kila asubuhi mashine ikiwashwa. Hiyo ndio ilikuwa inafanya anti aamini laptopu imerogwa, alikuwa anatoa jioni, asubuhi kimerudi.

Vile visanduku vya pembeni vilikuwa bado. Hivo si programu hata, ni tovuti ambayo iliomba kutuma arifa na batani ya kukubali ikabonyezwa, pengine kwa sababu ilisema bonyeza uonyeshe wewe si roboti. Inatolewa kwa mipangilio ya brauza, sehemu ya arifa, futa kila tovuti usiyoijua. Zilikuwa kumi na moja.

Mwisho tukawasha antivairasi ya Windows iliyozimwa, pamoja na ile sehemu yake ya kuzuia programu zisizotakikana, nikamwambia asikubali fundi yeyote aizime tena hata kwa dakika tano. Jioni akaniambia bando la hotspoti ya simu yake, ambalo siku hizo zote lilikuwa linaisha kabla ya saa sita mchana, limefika usiku. Kumbe hata hizo picha yeye ndiye alikuwa anazilipia.

Folda ya miaka sita haikurudi. Nilijaribu programu ya kuokoa faili, zikatoka picha chache zimekatika katikati, za nani hatukujua. Familia ile ya suti ya kijivu ilichapisha kwingine.

Lakini Alhamisi ya chama alisimama akawaelezea wenzake yote, hata ile picha, hata swali la fundi, bila kupunguza. Aliniambia kulikuwa kimya kwanza. Alafu mama mmoja anayeuza sare za shule akasema yake ina miezi mitano hivo, na ameifungia kwa kabati juu ya nguo ili watoto wasiione, hajawahi kumwambia mtu. Mwingine akasema na ya kijana wake wa chuo. Jumanne naenda kwa huyo wa sare, nimemuomba asiipeleke kwa fundi yeyote kabla sijafika, manake ndani yake kuna vipimo vya wanafunzi wa shule mbili.