Maranje Watabangua Nini Ikifika Julai?

Kazi yangu hapa Vietnam ni kupima korosho ghafi. Kontena likitoka bandari ya Cat Lai na kufika ghalani kwetu Binh Phuoc, nachoma gunia kwa bambo, nachota sampuli, napasua korosho moja moja na kupima kiini. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Februari, nilikuta gunia limeandikwa Mtwara. Nilisimama nalo pale mpaka msimamizi akaniita.

Kwetu ni Tandahimba, mkoani Mtwara, mkoa huo huo ambao habari zake sasa ni kongani la viwanda vya korosho, yaani eneo moja la viwanda vingi, pale Maranje. Shangazi yangu anabangua barazani kwa jiwe, anafunga vifuko, anavipeleka stendi. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa yale mafuta ya maganda, na pale palipobabuka ngozi hairudi sawasawa. Mafuta hayo hayo hapa yanakamuliwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa rangi na breki za magari.

Njia ya kutoka Cat Lai kuja kwetu inapita Binh Duong. Mwaka 1996 Wavietnam na Wasingapore walianzisha hapo eneo la viwanda ambalo leo limejaa. Mwenye kiwanda anakuta barabara, umeme, maji na mtambo wa kusafisha majitaka. Yeye analeta mashine na watu.

Hivyo vyote kwetu kusini mwa Tanzania tunaviweza. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam. Saruji inatoka Msijute. Bandari ya Mtwara ina kina cha asili ambacho wengine wanakichimba kwa mabilioni. Kwa hiyo nikisikia habari za kongani hilo la Maranje, Nanyamba, nafurahi kwa dhati. Ila kuna jambo linaninyima usingizi, nalo si umeme wala lami.

Wazee wanakumbuka viwanda vya kubangua vya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Majengo yalikuwepo, mashine zilikuwepo. Korosho ndiyo ilikosekana: kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74, uzalishaji uliporomoka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Vingi vikaishia kuwa maghala. Leo mashamba yamerudi, msimu wa 2024/25 tumevuka tani laki tano, lakini kiwanda cha nyumbani bado kinaweza kufa njaa. Minada ya korosho ghafi inaanza Oktoba, na ikifika Januari mzigo mwingi umeshapakiwa melini kwenda nje.

Chukua kiwanda kidogo cha tani 2,000 kwa mwaka. Kilo ikiwa shilingi 3,000, mwenye kiwanda anatakiwa awe na shilingi bilioni 6 ndani ya miezi mitatu, mzigo alipie ndani ya siku chache baada ya mnada, kisha akae na deni hilo kwa riba ya benki zetu mpaka abangue gunia la mwisho. Pembeni yake mnadani amesimama msafirishaji anayenunua leo na kuuza mwezi ujao. Nani atashinda?

Viwanda vya hapa Binh Phuoc havitegemei mashamba ya jirani peke yake. Ghala linajazwa na Tanzania na Msumbiji mwisho wa mwaka, kisha kuanzia Februari inaingia ya Cambodia na Afrika Magharibi. Mwezi wa saba wasichana wa kupanga viini wako kazini, mshahara unaingia.

Mwaka juzi nilikuja likizo, nikaenda ofisi moja kuulizia kiwanja cha kiwanda cha kufungasha. Nilioneshwa ramani nzuri sana. Nilipouliza korosho za mwaka mzima nitazipata wapi, yule kijana alinitazama kama nimeuliza swali la somo jingine.

Naomba basi maghala yajengwe ndani ya kongani kabla hata geti halijajengwa. Sehemu ya kila mnada itengwe kwa wabanguaji wa ndani kwa bei ile ile ya mnada, ili mkulima asipunjwe hata shilingi. Mzigo ukae ghalani kama dhamana ya benki, na kiwanda kiutoe na kuulipia kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani na kupewa risiti mpaka ziuzwe mnadani, tunaitumia tangu 2007. Wakulima wa Tandahimba wanaijua kuliko mtaalamu yeyote atakayeletwa kutufundisha. Mwekezaji akioneshwa ghala lenye korosho mwezi wa Julai, hatahitaji kubembelezwa.